Karoti Zilizozidi Chumvi

"Ghislaine, mwanangu, karoti!"

Sauti ya mama mkwe wangu ilitoka chumba cha kulia, tamu kama siku zote, nami nikaitika kama siku zote, "Naam mama, zinakuja," hali hata moja sijaimenya. Nilikuwa nimesimama mbele ya sinki, kisu mkononi, macho yakiwa uani. Gari la Aubin, mtu aliyekuwa akitusaidia shambani, lilikuwa limeegeshwa kando ya banda, nyuma limefunikwa turubai, na chini ya turubai kulikuwa na kila alichokuwa nacho duniani. Akishakula na sisi chakula cha mchana angeingia garini ashike njia mpaka Landes, kusini mwa Ufaransa, ambako alikuwa amepewa shamba la karoti alisimamie. Na mimi alikuwa amenipa nafasi ya kufikiri mpaka mlo uishe.

Mpaka mlo uishe! Wanaume hawa. Anakuomba maisha yako yote, kisha anakutaka ujibu kati ya karoti za kufungulia mlo na jibini la kuufungia.

Nikazitoa karoti kwenye ndoo. Zilikuwa bado na mchanga, maana sisi watu wa Créances tunazipanda mchangani karibu na bahari, tunazilaza chini ya majani makavu msimu wote wa baridi, na tunazing'oa tunapozihitaji. Nikazisugua, nikazimenya. Mikono yangu iliijua kazi ile hata gizani. Kila Jumapili tangu Rémi afe, mlo wetu ulianza na saladi ile ile. Karoti zikwanguliwe nyembamba. Limau, siyo siki. Haradali kidogo, mafuta ya karanga, kotimiri juu. Kitunguu hapana, saumu hapana, kwa sababu Rémi hakupenda.

Rémi alikuwa mume wangu. Trekta lilimpindukia mtaroni, miaka mitatu sasa, na bado yeye ndiye aliyekuwa akituchagulia chakula.

Msinielewe vibaya, nilimpenda. Nililelewa na serikali mimi, yatima, nikihamishwa familia hii hadi ile na kimkoba changu, na Rémi ndiye mtu wa kwanza aliyenifungulia mlango akasema ingia, hapa ni kwako. Siku tuliyomzika, mama yake, Honorine, alinishika uso kwa mikono miwili mbele ya watu wote. "Hapa hakuna atakayekufukuza," akaniambia. "Hapa ni kwako mpaka ufe." Nililia kwa shukrani. Lile neno la mwisho sikulisikia vizuri.

Wahenga walisema tenda wema uende zako. Mama Honorine alitenda wema akasimama nao palepale mlangoni. Nikienda sokoni, aliuliza nitarudi saa ngapi, si kwa ubaya, ni ili asiwe na wasiwasi. Nikinunua gauni lenye rangi, alilisifu, kisha akapanda chumbani akalia. Angekuwa mama mkwe wa kugombana ningekwisha ondoka zamani. Utagombana vipi na mtu anayekuwekea chupa ya maji ya moto kitandani kila usiku wa baridi?

Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Aubin akaingia amekumbatia kuni.

"Nimetumwa kuni," akasema.

"Nani kakutuma?"

"Nimejituma."

Akaziweka chini karibu na jiko, akajipangusa mikono kwenye suruali, kisha akakumbuka kwamba ile ni suruali yake nzuri. Alikuwa amevaa tai. Miaka yote aliyotusaidia shambani tangu Rémi afariki sikuwahi kumwona na tai.

"Umependeza," nikamwambia. "Unaaga au unaposa?"

"Hilo ni juu yako."

Nilitaka kucheka, machozi yakanitangulia. Nikageukia karoti zangu. Nilimsikia akikaribia, nikasikia harufu ya sabuni na ya mafuta ya injini, ambayo hata siku ya misa haikumtoka. Hakunigusa. Aubin hakuwa mtu wa kugusa kisicho chake, na hilo lilinitesa kuliko kama angenigusa.

"Usiseme kitu mezani, Aubin. Nakuomba."

"Ghislaine, mimi si mwizi. Sitakupitisha dirishani."

"Ukisema, utamuua."

"Hafi mtu."

"Humjui! Unafikiri atapiga kelele? Angepiga kelele ningemshukuru Mungu. Atasema, 'Nenda, mwanangu, mimi nataka ufurahi.' Halafu atapanda juu akayakunje upya mashati ya Rémi. Wewe ungeondoka, ukimsikia mtu anakunja mashati?"

Alifikiri. Hilo ndilo nililompendea: ukimuuliza swali, hufikiri kwanza.

"Ningeondoka," akasema, "lakini ningelia njia nzima."

"Wewe una gari na shamba linalokusubiri. Mimi nina nini? Nina kitanda cha mume wangu na jiko la mama yake."

"Una mimi."

Alilisema taratibu, kama mtu anayekutajia jina lake. Nilimtazama. Naye akanitazama, na macho yake ya kijivu hayakukwepa, nami nikashika ukingo wa meza. Kama angeninyooshea mkono wakati ule ningetoka naye kwa mlango wa nyuma na aproni yangu, nikawaacha wote na njaa.

"Ghislaine?" sauti ile tamu ikaita tena. "Unahitaji msaada, kipenzi? Goti langu hili, ningekuja."

"Hapana mama! Kaa tu!"

Goti lilimsumbua kweli. Tangu arudi kanisani alikuwa ameketi mezani na kaka yake, mjomba Fulgence, na hakuwa ameinuka hata mara moja.

Nikachukua mashine yetu ya kukwangulia, ile ya bati yenye mkono wa kuzungusha. Miguu yake ilikuwa imelegea, inateleza mezani. Aubin akaishika bila kuombwa, mkono mmoja ukaikandamiza, mwingine ukazungusha, mimi nikawa natia karoti juu. Nyuzi za rangi ya machungwa zikaanza kudondoka bakulini. Tulifanya kazi pamoja, na nilikuwa na furaha, nawaambia ukweli, furaha ya kijinga, kama vile jiko ni letu na mlango wa chumba cha kulia haupo.

"Zungusha polepole," nikamwambia. "Zitoke nyembamba. Rémi alipenda nyembamba."

Akaacha kuzungusha.

"Na wewe?"

"Na mimi nini?"

"Wewe Ghislaine. Unapenda karoti zikiwaje?"

Nikafungua mdomo nimjibu, nikakuta jibu halipo. Nyembamba, nene, na saumu, bila saumu, sikujua. Mwanamke mzima, nilikuwa nimekwangua karoti kila Jumapili ya Mungu na sikujua mwenyewe nazipendaje. Aubin aliona. Aliendelea kuzungusha, ila taya lake lilikaza.

Nikakamua limau kwenye kikombe. Nikatia chumvi kwenye limau, maana chumvi ukiitia baada ya mafuta haiyeyuki. Nikatia bila kuangalia. Nikatia haradali, nikakoroga, nikamimina mafuta kidogo kidogo mpaka ikashikana.

"Nakwenda kuchuma kotimiri," nikasema, na nikatoka kabla hajaniona uso.

Kotimiri ilikuwa pale mlangoni, hatua chache tu, lakini nilikwenda mpaka kwenye ua wa nyuma nikashika waya wa kuanikia nguo nikalia. Nililia kama mtoto aliyefungiwa nje, ila mimi nilikuwa nimefungiwa ndani, na mlango ulikuwa wazi! Hilo ndilo lililoniumiza. Hakukuwa na kufuli hata moja katika nyumba ile. Niliporudi, Aubin alikuwa amekwenda mezani. Bakuli lilikuwa tayari. Nikamwaga mchuzi wangu wa limau juu ya karoti, nikachanganya, nikakatakata kotimiri juu. Sikuonja.

Mezani, mjomba Fulgence alikuwa amekwisha fungua pombe ya tufaha na mashavu yake yalikuwa yameiva. Mama Honorine alikuwa amevaa gauni lake jeusi na mkufu wa misa. Alinipapasa mkono nilipoketi karibu naye. "Umechoka, kipenzi. Macho yamekuwa mekundu."

"Baridi ya nje, mama."

"Uvae shali ukitoka." Akamgeukia Aubin. "Mgeni kwanza. Chukua, Bwana Aubin, chukua za kutosha. Huko unakokwenda sijui kama wanajua kutengeneza karoti."

"Wanazilima, mama, kwa hiyo nadhani wanazila."

"Kulima ni kitu kingine."

"Kula, kijana, kula!" mjomba Fulgence akaingilia, akijijazia sahani. "Karoti humfanya mtu awe mcheshi, ndivyo walivyotuambia utotoni. Huyu dada yangu amezila maisha yake yote, bado tunasubiri."

"Fulgence, ni Jumapili."

"Ndiyo maana nacheka, siku nyingine nafanya kazi."

Tukaanza kula. Niliweka uma mdomoni, na ulimi wangu ukakunjamana. Mungu wangu! Haikuwa chumvi ya kuzidi kidogo. Ilikuwa chumvi ya kuhifadhia samaki. Nikamtazama Aubin upande wa pili wa meza. Alikuwa ametafuna mara moja akakoma, masikio yamemwiva. Mama Honorine alimeza, akachukua kipande cha mkate. Huo ndio wema wake, angemeza mchanga asikuaibishe.

Lakini mjomba Fulgence hakuzaliwa na wema huo. Alikohoa, akanywa glasi nzima, akapiga meza kwa kiganja.

"Lo! Lo! Lo!" akapaza sauti. "Mpishi yumo mapenzini!"

Kwetu ndivyo tunavyosema. Chakula kikizidi chumvi, mezani kokote, hata hospitalini, hata kwa paroko, lazima atokee mtu wa kusema mpishi amependa, na watu wacheke, na mpishi aone haya. Ni mzaha wa tangu enzi. Siku nyingine ningecheka na mimi. Siku ile damu ilinipanda kutoka shingoni mpaka kwenye nywele, na sikuwa na pa kuuficha uso. Mapenzi ni kikohozi, na mimi nilikuwa nimekohoa katikati ya meza.

"Tazameni anavyoiva!" Mjomba alikuwa anafurahia. "Ni nani, Ghislaine? Postamasta? Usiniambie ni yule mwuza nyama mwenye masharubu!"

"Mwache mtoto," Mama Honorine akasema.

"Namwuliza tu, dada. Chumvi haisemi uongo!"

"Mjomba," Aubin akasema.

Alikuwa amesimama. Nilimtikisia kichwa, nilimwomba kwa macho, hapana, hapana, hapana. Alikuwa ameshika kitambaa chake cha mezani kwa mikono miwili kama kofia.

"Mjomba, chumvi niliitia mimi. Ghislaine alipotoka kuchuma kotimiri. Kwetu mama yangu huzitia karoti chumvi kabla, zitoke maji. Nilidhani namsaidia. Sikuona kwamba alikuwa ametia kwenye limau."

"Wewe?" Mjomba alicheka mpaka akashika tumbo. "Basi wametia wawili! Kwa hiyo wapishi wawili, na wote wawili wame..."

Hapo akili yake ikafika. Kicheko kilimkatika mdomoni. Alimtazama Aubin na tai yake, akanitazama mimi, kisha taratibu akamtazama dada yake, na nilimwona anatamani kuyameza maneno yake pamoja na karoti zote za bakuli lile.

Saa ya ukutani ilikuwa inagonga, na kuni zilikuwa zinalia jikoni. Aubin alivuta pumzi aseme lile alilokuja kusema. Alikuwa amefungua mdomo.

"Ni mimi," Mama Honorine akasema.

Tulimgeukia wote.

"Chumvi ni mimi niliyeitia." Alikuwa anachukua uma mwingine wa karoti, mkono umetulia kabisa. "Nilipita jikoni nikaonja, nikaona hazijakolea. Macho yangu haya siku hizi hayapimi vizuri. Keti, Bwana Aubin, huna kosa. Ghislaine, mwanangu, lete paja la kondoo kabla halijakauka."

Akatafuna. Akameza. Akanitabasamia.

Nilielewa. Alikuwa hajaingia jikoni, kila mmoja pale mezani alijua hivyo, na yeye alijua kwamba tunajua. Alikuwa ananifunika. Alikuwa amechukua aibu yangu akajivika yeye, mwanamke wa umri ule, mbele ya kaka yake, ili mimi nisiulizwe tena kitu chochote. Nilichotakiwa kufanya ni kuinuka, kuleta nyama, na Jumapili ijayo kumenya karoti. Aubin angekula, angeshukuru, angeondoka. Hakuna ambaye angelitaja jambo lile tena mpaka kufa kwetu.

Na nisiwadanganye, niliinuka. Nilifika mpaka kwenye mlango wa jikoni. Mkono wangu ulikuwa umekwisha shika kitasa, na nilihisi ahueni, ile ahueni mbaya ya mtu anayerudishwa mahali anapopajua. Nikageuka kuchukua bakuli la karoti niliondoe mezani. Macho yangu yakakutana na ya Aubin. Hakuwa ananiomba tena. Alikuwa ananiaga.

"Hapana, mama," nikasema.

"Nini, kipenzi?"

"Hukuingia jikoni leo. Goti linakuuma. Hujainuka hapo tangu utoke kanisani." Sauti yangu ilikuwa inakwaruza. "Chumvi nilitia mimi. Nilitia bila kuangalia kwa sababu nilikuwa namtazama Aubin. Nampenda, mama. Anakwenda leo na ameniomba niende naye."

Mjomba Fulgence akanong'ona, "Ee Bikira Maria."

Mama Honorine aliweka uma kando ya sahani, akaunyoosha ukae sawa na kisu.

"Najua," akasema. "Ningekuwa sijui, ningesema ni mimi?"

"Mama..."

"Nimekukosea nini, Ghislaine? Sema. Kama kuna siku nilikunyima kitu, sema mbele ya mjomba wako."

"Hujaninyima kitu."

"Nilikuita mtumishi hata siku moja?"

"Hapana, mama."

"Basi huyu ana nini? Mtu wa kuhama na turubai! Huko Landes una nani? Ukiugua, nani atakuwekea maji ya moto?" Hapo sauti yake ilipasuka, na kile nilichokuwa nikikiogopa miaka yote kikatoka, kidogo, bila kelele. "Na mimi, nani ataniita mama?"

Aubin aliinamisha kichwa.

Nilipiga magoti karibu na kiti cha mama. Nilishika mikono yake, ile iliyonishika uso siku ya mazishi.

"Nitakuita mama nikiwa Landes," nikamwambia. "Nitakuita nikiwa popote, na nitakuwa nimetaka. Hapa nimekuita mama kila siku, na sijui ni kwa kuwa nakupenda au ni kwa kuwa sikuwa na pa kwenda. Nataka kujua, mama. Wewe hutaki kujua?"

Alinitazama. Nilimwona akitafuta neno tamu, lile neno ambalo siku zote lilinirudisha, na nilijua akilipata nimekwisha. Nilibaki pale magotini nikisubiri nifungwe.

Akaichomoa mikono yake kutoka kwenye mikono yangu.

"Fulgence," akasema bila kunitazama, "lete ile nyama wewe. Inakauka." Kisha chini chini, kwangu tu: "Nenda sasa hivi. Usisubiri jibini. Nikikuomba mara ya pili utabaki, nakujua, na mimi najijua. Nitakuomba."

Nikasimama. Aubin alikuwa amekwisha toka kuwasha gari. Nilisikia injini ya gari inakohoa uani, inagoma, inakohoa tena. Mimi nilikuwa na aproni, sina koti, sina hata mkoba, na mama yangu alikuwa ameketi mbele yangu, shavu lake karibu na mkono wangu, limelowa, ameligeuza kidogo upande wangu kama alivyoligeuza kila asubuhi nimbusu.

Sikumbusu. Ningembusu, ningebaki.